Mama alisema sungura anataka tundu, nikamjengea manne na yote yakawa makosa

Wakuu, asalaam aleikum nyote, wa bara na wa visiwani, na nyie wenzangu mnaosoma kutoka huku Uarabuni mkiwa mmeshikilia rimoti ya AC.

Ninayoileta hapa imetokea uani kwetu, Nizwa, kiangazi hiki hiki. Sijatia chumvi. Mengine yananiaibisha lakini nimeyaacha kama yalivyo, maana bila ya aibu hizo uzi wenyewe hauna faida.

Ni habari ya kumjengea sungura nyumba. Kama sungura si mambo yako, vumilia kidogo, mna na mama yangu humu ndani.

Nianze na yeye.

Mama kazaliwa Unguja mjini, akaja Oman akiwa msichana. Mie nimezaliwa Ibra, na sasa nakaa Nizwa na binti zangu wawili. Ni mwalimu wa fizikia, sekondari ya wasichana. Kazi yangu naitaja ili mjue nilikuwa sina kisingizio.

Mwaka jana mama alipata kiharusi. Mkono wa kulia ukalegea na maneno yakapotea. Kiarabu chote kikaondoka, cha umri mzima, kama mtu ambaye hajapata kukisema. Kilichobaki ni Kiswahili, nacho neno moja moja. "Maji." "Taa." "Basi."

Binti zangu Kiswahili chao ni cha salamu na chakula. Kwa hiyo katika nyumba nzima anayemfahamu mama ni mie peke yangu, na kumbe hata mie nilikuwa namfahamu nusu.

Mtaalamu wa matamshi aliniambia niache kumlazimisha. Akasema nitafute kitu kitakachomfanya mama mwenyewe atake kusema, na nikikipata nikishikilie kwa mikono miwili.

Nikajaribu picha za zamani. Nikajaribu redio, simu za jamaa, mpaka kanda za taarabu. Mama anatazama tu, kisha anageuza uso.

Kilichopatikana ni sungura.

Mwalimu mwenzangu aliwaletea binti zangu sungura mweupe. Wao wakamchoka baada ya wiki moja, mnajua watoto wa simu. Asubuhi moja mama kakaa barazani uani, sungura anapita, nikamsikia anasema, "Njoo."

Si maji, si taa. Hakuwa anaomba kitu. Alikuwa anamsemesha mtu, ingawa mtu mwenyewe ana masikio marefu. Nilikwenda jikoni nikalia kidogo, nikarudi.

Tangu siku hiyo kila asubuhi na kila baada ya Alasiri mama anatoka uani kwa ajili yake. "Kula." "Mkorofi." "Wapi?" Kwa wiki moja alisema maneno mengi kuliko miezi mitatu iliyotangulia.

Najua mtaniuliza kwa nini sungura asikae ndani kwenye AC. Tulimweka. Mama ana kifua, manyoya yalimkohoza siku mbili mpaka daktari akakataza. Na huyo mweupe mwenyewe alitafuna waya wa AC. Kwa hiyo ni nje, hapana njia nyingine.

Basi nikajenga tundu la kwanza.

Mbao nilizitoa kwenye kreti za kubebea mizigo, wavu nikanunua wa macho madogo, bawaba mbili, komeo, na juu nikaweka bati. Nililipaka rangi ya kijani. Nikapiga picha nikamtumia kaka yangu Nasor, yuko Maskati, akaniandikia mashallah fundi.

Wakuu, bati. Nizwa. Mwezi wa tano.

Siku moja nilirudi kutoka skuli adhuhuri nikamkuta sungura kalala ubavu, kafa, maji yake kwenye kikopo yamekuwa ya moto kama ya kuogea. Mama alikuwa dirishani. Sijui alikuwa pale tangu saa ngapi, na hakuweza kumwita mtu kwa lugha wanayoijua binti zangu.

Baada ya hapo mama hakusema neno kwa siku kumi na moja. Hata "maji" hakusema, akawa ananyoosha kidole.

Nasor alipiga simu. Akaniambia, kwa Kiarabu na Kiswahili chake cha kuchanganya, kwamba khalas, nisilete mnyama mwengine. "Huyu kafa, mama kanyamaza siku kumi na moja. Wa pili akifa, atanyamaza moja kwa moja. Utakuwa umemzika mara mbili, dada."

Alikuwa anasema kweli. Lakini na mie ukweli wangu ninao: bila ya sungura mama alikuwa anakwenda huko huko kwenye kunyamaza, polepole tu. Mie si mtu wa kukaa nikatazama.

Ijumaa nikaenda sokoni, pale wanapouza mbuzi, pembeni kuna wanaouza kuku na sungura. Nikachukua mmoja wa rangi ya halua. Nikamweka mapajani mwa mama. Alimpapasa kwa mkono wa kushoto muda mrefu, halafu akaniangalia machoni akasema neno moja.

"Tundu."

Nikamwambia ndiyo mama, nitamjengea tundu, na safari hii zuri.

Hapa lazima nieleze kitu, wale wa bara msipotee. Sisi nyumbani kwetu Ibra baba, Mungu amrehemu, alikuwa mfugaji wa ndege. Chiriku, njiwa, hata kasuku alikuwa naye. Ukuta mzima wa nyuma ulikuwa matundu, na kila siku jioni tulikuwa tunatumwa: nenda kafunge tundu, nenda kasafishe tundu. Kwangu mie neno hilo lina sura moja tu, ni nyumba ya ndege yenye mlango na komeo.

Tundu la pili nililiinua kwa miguu ya chuma ili upepo upite chini. Paa nikaweka makuti, juu ya makuti gunia la kurowesha maji. Nilipeleka mchoro Firq, kwenye magereji kule viwandani, kwa fundi wa kuchomelea anayeitwa Rafiq. Mwanamke peke yangu kati ya malori, nimeshika karatasi ya mchoro wa nyumba ya sungura. Rafiq alidhani ni ya kuku, nikamwambia arnab, yaani sungura, akacheka mpaka akavua miwani yake ya kuchomelea.

Likaja nyumbani, zuri kweli. Mama akalitazama, akatikisa kichwa. "Tundu," akasema. Kisha akagonga chini kwa mkongojo. "Chini."

Nikafikiri, haya, kaliona liko juu mno, hamfikii. Nikarudi Firq nikakatisha miguu. Rafiq safari hii hakucheka, aliniuliza kama nina hakika.

Nikaliweka chini. Mama akagonga tena. "Chini."

Nikamwambia mama, chini zaidi ya hapa ni kwa majirani. Alinitazama kwa jicho ambalo nililiona mara ya mwisho nilipofeli mtihani wa Kurani.

Joto nalo lilikuwa halingoji tuelewane. Mwezi wa sita uliingia, kipimajoto ndani ya tundu kinasoma arubaini na moja kivulini, gunia linakauka kabla sijafika getini. Nilikuwa nagandisha chupa za maji na kumlaza nazo ubavuni. Kila kipindi cha pili binti yangu mkubwa ananitumia picha kuonyesha kwamba sungura anapumua. Wanafunzi wangu wakidhani nina mgonjwa mahututi.

La tatu nililizungushia kuta za yale maboksi meupe ya povu gumu ya kuwekea samaki, yanayokuja na malori kutoka Ashkhara. Nyepesi, yanazuia joto, nilijiona nimemaliza kazi. Siku ya tatu nikakuta shimo ukutani ukubwa wa ngumi. Kala boksi. Si kutafuna, kala. Siku mbili nilikuwa nakagua kinyesi chake kwa kijiti kama mtafiti, mpaka likatoka lote. Alhamdulillahi.

Mama alipoliona lile shimo ukutani alinyoosha kidole akapaza sauti. "Tundu! Tundu!"

Nikamwambia ndiyo mama, kaharibu tundu. Akafunga macho, akaegemeza kichwa ukutani.

Hapo nikaja na nadharia mpya. Nikasema labda tundu liko sawa, ila limepooza, mnyama hana cha kuchezea na mama anamhurumia. Kwa hiyo la nne lilikuwa ni lile lile la tatu bila ya maboksi, limejaa michezo. Nilitia mabomba ya karatasi ya jikoni. Nikasuka kipete cha ukindu cha kuvuta. Nikaning'iniza vipande vya kuti la mtende vya kusagia meno.

Na nikachukua kifuu cha nazi, nikakisugua, nikakitoboa vitundu sita, nikakijaza majani. Majani yenyewe huku yanaitwa qatt, ni chakula cha mifugo, si mirungi, msije mkanipeleka polisi. Sungura anakigaragaza kifuu, majani yanatoka kidogo kidogo.

Ndiyo, wakuu. Nilitoboa vitundu sita kwa mkono wangu, na nikaviita vitundu, na bado sikushtuka. Tundu la sindano nalijua. Tundu za pua nazijua. Lakini akili ilikuwa imekwama kwenye ukuta wa baba, na kila mama akisema neno naona mlango na komeo.

Kile kifuu hakikupotea bure lakini. Mama alikipenda. Alikuwa anakijaza majani yeye, kwa mkono wa kulia, ule mlegevu, anasukuma jani moja moja kwa kidole. Daktari wa mazoezi alikuwa amempa mpira wa kubinya, akautupa chini ya kitanda tangu siku ya kwanza. Kifuu anakishughulikia nusu saa nzima. Kwa hiyo nyie wenye wazazi wa hali hii, lishikeni hilo.

Lakini halua wetu alikuwa anazidi kunyong'onyea. Haikuwa tena suala la michezo. Alikuwa hatembei, masikio ya moto ukiyashika, na chakula anabakisha. Mama naye akaanza kupunguza maneno. "Mkorofi" ikapotea. "Njoo" ikapotea. Ikabaki "tundu" tu, tena anaisema kwa uchovu.

Niliogopa, sitaki kujifanya shujaa. Nilikuwa nalala nahesabu siku kumi na moja.

Basi Jumamosi moja akaja Bi Zeyana kutoka Ibra kumtazama mgonjwa. Huyu ni shoga yake mama tangu Unguja, asili yake Pemba, na safari yote hiyo kapakiwa na mjukuu wake kwenye gari. Nikampa shikamoo yake, nikawawekea kahawa na tende barazani kwa sababu mama hakutaka kukaa ndani.

Mama hakungoja hata kikombe cha kwanza. Akamshika Bi Zeyana mkono, akamwonyesha sungura. "Tundu," akasema. "Chini. Tundu."

Nikaingilia kati nikaeleza. Nikasimulia matundu yote manne, bati, miguu, maboksi, michezo, na kwamba mama hapana hata moja lililompendeza na sasa sijui nijenge la namna gani. Bi Zeyana ananisikiliza huku anamtazama mama, na mama anamtazama yeye, na naona kicheko kinapanda kwa wote wawili.

"Mwanangu," akasema Bi Zeyana, "mama'ko hataki ujenge. Ataka uchimbe."

Nikamuuliza, nichimbe nini?

Akaniambia kwao Pemba sungura wakiachiwa uani hujichimbia tundu wenyewe, na jua likiwa kali humuoni hata mmoja, wote wako chini kwenye ubaridi. Hilo ndilo tundu la sungura. Hilo langu la mbao ni la ndege. "Mnyama wa ardhini umemtundika hewani, kisha wamshangaa kuungua."

Mama alijipiga paja. "Ehee," akasema, na akavuta pumzi ndefu ya mtu aliyetuliwa mzigo. Wiki saba alikuwa ananiambia kitu kimoja, kwa neno sahihi kabisa, na mie namjibu kwa misumari.

Na sasa ile aibu ya kazi yangu. Kila mwaka nafundisha darasa la kumi kwamba udongo unapitisha joto polepole, kwamba ukienda chini jua la mchana halikufikii. Kuna mchoro nauchora ubaoni. Mwanamke aliyepoteza maneno yake yote alikuwa ananifundisha somo langu, na mie nabishana naye.

Asubuhi yake nikashika jembe.

Ardhi ya Nizwa si ya mchezo, ni kokoto na udongo uliokauka. Nilikuwa nachimba baada ya Alfajiri mpaka jua lipande, siku nne. Siku ya pili nikakata bomba la kumwagilia mdimu, maji yakaruka, binti zangu wakaja mbio wakidhani nimepata chemchemi. Viganja vilitoka malengelenge. Mama kakaa kwenye kiti chake na mkongojo, ndiye msimamizi. Kila nikisimama kufuta jasho ananiambia, "Chini." Nikichimba kidogo nikasimama, "Tena." Sikupata kufurahi kuamrishwa kama siku zile.

Mwalimu mwenzangu, yule yule aliyeleta sungura wa kwanza, kwao wana shamba la mitende Manah. Akaniletea mtungi mkubwa wa zamani wa kuhifadhia tende, wa udongo, umepasuka mdomo. Nikaulaza ubavu ndani ya shimo, mdomo umeelekea juu kidogo. Kutoka mdomoni nikajenga njia ya matofali inayopanda mpaka usawa wa ardhi, nimeipinda mara moja ili jua lisichungulie. Mgongoni mwa mtungi Rafiq alinikatia dirisha la kusafishia, anakata huku namwagia maji usipasuke, na juu yake nikaweka kifuniko cha ubao na mchanga. Mchanga unaozunguka mtungi naurowesha asubuhi, udongo unakunywa, ndani panapoa.

Tahadhari kwa mtakaojaribu: nyanyua mlango wa njia juu ya usawa wa uwanja, mvua ikishuka huku hushuka kwa kishindo. Na usitumie bomba la plastiki, atalila. Huyu wangu anakula chochote isipokuwa kifuu.

Nikatia kipimajoto kwa uzi. Nje arubaini na nne. Ndani ya mtungi thelathini na moja. Nilikipandisha nikakisoma mara tatu.

Kisha nikamweka halua kwenye mlango wa njia. Akanusa, akaingiza kichwa, akapotea. Hakutoka mchana kutwa.

Hapo ndipo likaja lile ambalo sikulifikiri kabla. Sungura yu salama, lakini haonekani. Zile nyumba zangu mbovu zote mama alikuwa anamwona. Sasa uani pana tofali na kitundu cheusi basi. Nikaanza kujiuliza kama nimemwokoa mnyama nikampoteza mama.

Baada ya Alasiri nikamtoa mama kama kawaida. Akatazama kiti chake, hakukaa. Akanivuta mpaka kwenye mlango wa lile tundu. Akasimama vizuri, akatengeneza buibui lake, akagonga tofali kwa mkongojo.

"Hodi."

Kimya.

Nilitaka kuchungulia, akanizuia kwa mkono. Kwetu hodi ina adabu yake, wakubwa mnajua. Unapiga, unangoja. Mara ya pili, unangoja. Ya tatu ukikosa jibu unaondoka, huchungulii nyumba ya mtu.

"Hodi," akasema mara ya pili, na tukangoja.

"Hodi." Ya tatu. Kimya. Mama akainamisha kichwa, akaanza kugeuka kuondoka, na mie nikawa nageuka naye.

Pua ikatoka kwanza. Halafu masikio. Halua akakaa mlangoni kwake, mzima, baridi, anatafuna kitu.

Mama akamtazama. Akatabasamu kwa upande ule mmoja unaotabasamu, akasema:

"Kumbe mpo."

Wakuu, hayo ni maneno mawili. Sentensi kamili, imekaa sawa, tena ya heshima, kamwita sungura kwa wingi. Tangu kiharusi ilikuwa ndiyo ya kwanza. Nilimpigia Nasor nikashindwa kusema, nikampa mama simu, na mama akamwambia naye, "Wapo." Kaka yangu alilia kwenye foleni ya barabarani huko Maskati.

Sasa tumemaliza mwezi wa nane. Halua yu hai, kanenepa. Mama ana sentensi sita. Mtaalamu wa matamshi anaziandika.

Nilichojifunza mie ni hiki. Mzee wako akirudia neno moja mpaka ukachoka, usifikiri akili imekwama kwake. Inawezekana imekwama kwako. Mwulize mtu aliyekulia naye. Ujuzi wa kujenga nilikuwa nao, mikono ninayo, nia ninayo, lakini kwa wiki saba sikuuliza hata mara moja maana ya neno ninalolijua.

Karibuni mchangie. Huko kwenu tundu ni la ndege, la ardhini, au vyote viwili? Na mwenye ujuzi wa sungura aniambie, nikimletea mwenzake humo ndani watanijaza uwanja?

Nitajibu baadaye. Sasa hivi Alasiri imeshaadhiniwa, na mama yuko mlangoni ameshavaa, anataka kwenda kupiga hodi.